Bei ya unga usio na gluteni huonekana mkate ukishaiva

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wanaolazimika kula mkate usio na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, na hasa wale wanaowanunulia na kuwaokea. Unga wa mkate huo uliochanganywa tayari huuzwa ghali, mara nyingi bei yake ni mara kadhaa ya unga wa ngano, na mnunuzi aliyebanwa huishia kuchagua pakiti kwa bei iliyobandikwa mbele. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Pakiti inayoonekana rahisi inaweza kuzaa mkate ghali, na inaweza pia kuzaa mkate usiolika, ambao ni hasara kuliko yote kwa sababu unatupwa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Nianze na hesabu. Pakiti ya unga si mkate. Inataka maji, mafuta, pengine mayai, maziwa na hamira, na hivyo vyote vina bei. Chukua pakiti mbili za gramu 500, bei tuziseme kwa fedha yoyote ile. Ya kwanza inauzwa 100, hamira imo ndani, nayo inataka mililita 430 za maji na vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Ya pili inauzwa 80, lakini ukigeuza nyuma unasoma mayai matatu, mililita 250 za maziwa, gramu 60 za siagi, na hamira ujitafutie. Zote mbili zitatoa mkate wa gramu 850 hivi, kwa kuwa mkate hupoteza takriban asilimia 12 ya uzito wake ndani ya oveni. Ikiwa mafuta ya ile ya kwanza yamekugharimu 5, kila gramu 100 za mkate zimekusimamia kama 12. Ikiwa nyongeza za ile ya pili zimekugharimu 40, kila gramu 100 zimefika 14. Ile iliyokuwa rahisi rafuni imekuwa ghali mezani.

Hesabu hiyo hiyo ifanyeni kwa mkate uliookwa tayari. Mkate wa dukani usio na gluteni mara nyingi ni mdogo, gramu 300 hadi 500, na slesi zake ni nyembamba na fupi. Anayelinganisha mkate mmoja na pakiti moja ya unga analinganisha vitu visivyolingana. Linganisha gramu 100 kwa gramu 100. Mara nyingi unga utashinda, ila usisahau kuhesabu moto wa oveni. Ukioka mikate miwili kwa pamoja, gharama ya moto kwa kila mkate hupungua karibu nusu.

Lakini kabla ya bei kuna usalama, na hapa sitaki mtu abane matumizi. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi, kinachofuata Codex Alimentarius, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, ni kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Maana yake gramu 100 za mkate wa namna hiyo hazibebi zaidi ya miligramu 2. Mwenye ugonjwa wa seliaki, ambao hufanya mwili ushambulie utumbo wake gluteni ikiliwa, anaweza kuumia kwa miligramu 50 tu kwa siku, akizila kila siku kwa miezi michache, na hizo ni chembe za mkate wa ngano zisizojaza hata kijiko cha chai. Kwa hiyo maneno yaliyo kwenye lebo yana uzito. “Haina ngano” si sawa na “haina gluteni”, maana shayiri na rai zina gluteni yake, na kimea cha shayiri hutiwa kwenye unga ili kuupa mkate rangi na utamu. Spelti, kamuti, bulguri, semolina, zote ni ngano kwa majina mengine. Nafaka ya uji inayoitwa otsi (oats) haina gluteni ya ngano kwa asili, ila huchanganyika nayo shambani na kiwandani. Inunuliwe tu ikiwa imeandikwa kuwa haina gluteni, na hata hapo wako wachache wenye seliaki ambao miili yao huikataa.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Baadhi ya unga mzuri sana wa mkate, hasa unaotengenezwa Ulaya, una wanga wa ngano ulioondolewa gluteni hadi chini ya miligramu 20. Mwenye seliaki anaruhusiwa kuula. Mwenye mzio wa ngano yenyewe asiuguse. Wanga huo hufanya mkate uwe mwepesi na mlaini, ndiyo maana husifiwa, na anayesikia sifa hizo bila kusoma lebo anaweza kujidhuru.

Na yule anayehisi tu kuwa ngano inamsumbua, asianze kununua chochote kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha seliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza wakati gluteni ingali inaliwa. Ukiacha ngano kwanza ukapimwa baadaye, kipimo kinaweza kusema huna kitu wakati unacho. Ni hasara kubwa kuishi miaka na unga wa bei hiyo bila kujua kama unauhitaji.

Turudi kwenye ladha, maana mkate salama usio na ladha hauliwi na mtu mara mbili. Orodha ya viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Pakiti ikianza na wanga wa mahindi, ikafuata wanga wa muhogo, kisha sukari, basi ujue mkate huo utakuwa mweupe, utapanda vizuri, utalika siku ya kwanza ukiwa na joto, na kesho yake utakuwa kama chaki. Pakiti inayoanza na unga wa nafaka nzima, kama mtama, mchele wa kahawia, ulezi au tefu, na wanga ukafuata, itakupa mkate wenye ladha ya mkate. Kwa maoni yangu uwiano mzuri ni sehemu sita za unga kwa sehemu nne za wanga. Tazama pia jedwali la lishe. Nyuzinyuzi zikiwa chini ya gramu 3 katika gramu 100 na protini ikiwa gramu 2 tu, umenunua wanga uliotiwa pambo. Natafuta nyuzinyuzi gramu 5 au zaidi na protini isiyopungua gramu 4 au 5.

Unga wa dengu, soya na maharage huongeza protini na kuupa mkate rangi nzuri ya ganda. Ukizidi sana harufu yake hubaki na uchungu mdogo kooni. Ukikuta unga wa jamii ya kunde umeandikwa wa kwanza, nunua pakiti moja uonje kabla ya kununua sita.

Sasa nikae kidogo kwenye kiungo ambacho ndicho hasa unachokilipia. Gluteni ndiyo inayofunga donge la ngano na kuishika hewa ya hamira. Ikiondolewa lazima kitu kingine kishike. Kwenye unga wa pakiti kazi hiyo hufanywa na gundi ya zanthani (xanthan), gundi ya gwari (guar), au maganda ya mbegu za saliamu (psyllium), ambayo wengine huyajua kwa jina la isabgoli. Zanthani na gwari hufanya kinyunya kiwe rojo, kama uji mzito, kinachomiminwa kwenye tini na hakishikiki mkononi. Maganda ya saliamu hunyonya maji mengi na kufanya donge linaloweza kufinyangwa, na mkate wake hutafunika zaidi na hukaa vizuri siku ya pili. Pakiti yenye saliamu pamoja na zanthani kidogo ndiyo ninayoipendekeza kwa mkate wa slesi. Pakiti isiyo na chochote kati ya hivi si unga wa mkate, hata picha ya mbele ikionyesha mkate uliofura. Huo ni unga wa matumizi yote, wa keki na biskuti.

Ila upungufu huo unaweza kugeuzwa kuwa njia ya kuokoa fedha. Unga wa matumizi yote usio na gluteni wala gundi huwa na bei nafuu kuliko ule ulioandikwa “wa mkate”. Ukinunua huo, ukanunua na gundi pembeni, unapata kitu kile kile. Kwa kila gramu 400 za unga weka gramu 18 za maganda ya saliamu, au vijiko viwili na nusu vya chai vya zanthani. Saliamu iliyosagwa ni nzito kuliko maganda mazima kwa kijiko hicho hicho, kwa hiyo tumia mizani, na upunguze hadi gramu 15. Saliamu za aina fulani hugeuza mkate kuwa wa zambarau au kijivu. Haina madhara, lakini watoto wanaweza kuukataa, basi jaribu nyingine. Hakikisha tu kwamba huo unga wa matumizi yote haukutiwa baking poda tayari, maana mkate wa hamira utaharibika, utapanda kwa pupa na kupasuka.

Ambaye hata huo ni mzito kwa mfuko wake anaweza kuchanganya mwenyewe. Mkate mmoja wa gramu 770 hivi unataka unga wa mtama gramu 160, unga wa mchele gramu 80, wanga wa muhogo gramu 100, wanga wa viazi au wa mahindi gramu 60, saliamu gramu 18, hamira ya chenga gramu 7, chumvi gramu 8, sukari gramu 12, mafuta vijiko viwili vya chakula, siki kijiko kimoja cha chai na maji ya uvuguvugu mililita 400. Koroga saliamu kwenye maji uiache dakika 5 hadi 10 igeuke ute mzito, ndipo uiunganishe na mafuta, siki na vikavu. Kanda kwa dakika 5 mpaka pasionekane unga mkavu. Mtama uliosagwa mzito unaweza kutaka mililita 40 zaidi. Weka kwenye tini nyembamba yenye kuta ndefu, kwa sababu donge lisilo na gluteni huhitaji kuegemea ukuta. Kwenye tini pana hutambaa pembeni likawa bapa.

Liache liumuke mara moja tu. Hakuna haja ya kulipiga na kuliumua tena kama la ngano, hewa ikishatoka haitarudi kwa kiasi kile. Na usingoje liwe mara mbili. Likipanda kwa nusu ya kimo chake cha mwanzo, baada ya dakika 40 hadi 60 kwa joto la kawaida, lipeleke kwenye oveni iliyokwisha kupashwa hadi nyuzi 200 au 210 za Selsiasi, likae dakika 60 hadi 70. Ganda likiwahi kuwa jeusi funika kwa karatasi ya foili. Mwenye kipimajoto achome katikati asome nyuzi 97 au 98. Asiye nacho atumie mizani. Donge la gramu 880 likishuka hadi 770, limeiva. Ukilitoa likiwa na 830, ndani bado ni donge bichi, hata ganda likiwa limependeza.

Hitilafu za mkate huu zinajirudia na sababu zake zinajulikana, kwa hiyo msiharakishe kuulaumu unga. Mkate uliopanda ukabonyea katikati umeumuka kupita kiasi au umetiwa maji mengi. Mkate wenye ukanda mzito wa unyevu chini haukuiva, au ulikatwa ukiwa wa moto. Wanga huendelea kujishika wakati mkate unapoa, na kisu kikipita mapema huuburuza ukawa kama gundi. Ngoja saa mbili, ukiwa umeutoa kwenye tini na kuuweka juu ya wavu. Ukiwa mkavu na unapukutika, maji yalikuwa machache au ulipima unga kwa kikombe. Kikombe cha wanga wa muhogo na kikombe cha unga wa mtama havina uzito mmoja, na hata mtu yule yule akijaza kikombe mara mbili hupata vipimo viwili. Mkate wenye mchanga mchanga mdomoni una unga wa mchele uliosagwa vibaya. Uache rojo lake lipumzike dakika 30 kabla ya hamira kuanza kazi kwa nguvu, na usiponogea badilisha unga.

Kuhusu kununua kwa jumla, ndiyo, mfuko wa kilo 5 au 10 hushusha bei ya kilo, lakini nunua mwingi wa kitu ambacho tayari umekioka mara mbili na kukipenda. Nunua pakiti ndogo, oka, kisha onja siku ya pili. Siku ya kwanza kila mkate ni mtamu. Angalia pia muda wa kuhifadhi. Wanga na unga wa mchele mweupe hukaa miezi mingi mahali pakavu. Unga wa mchele wa kahawia, na zaidi unga wa uwele, una mafuta yanayoharibika upesi, ukaota harufu ya mafuta makuukuu na uchungu. Hizo zinunuliwe kidogo kidogo, au zikae kwenye friza. Familia tatu au nne zikigawana mfuko mmoja zinapata bei ya jumla bila hasara ya kuharibikiwa, ili mradi mfuko ufunguliwe na kupimwa mahali pasipoguswa na ngano, maana vumbi la ngano huelea hewani na kutua.

Pakiti zinazokaribia mwisho wa muda huuzwa kwa punguzo, na nyingi bado ni nzima. Kinachokufa kwanza ni kile kipakiti cha hamira kilichomo. Kijaribu: kijiko cha chai cha hamira, kijiko cha sukari, nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ndani ya dakika 10 pasipotokea povu, itupe uweke mpya. Usiutupe unga.

Unga unaosagwa kwenye mashine inayosaga ngano, au unaochotwa kwenye gunia lililo wazi pembeni mwa gunia la ngano, mwenye seliaki asiununue kwa bei yoyote. Mtama ni salama ukiwa shambani, ila njia ya kufika jikoni ndiyo inayouchafua. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulipima sampuli 22 za nafaka, mbegu na unga ambavyo kwa asili havina gluteni na havikuwa na lebo ya kutokuwa nayo, na sampuli 7 zilikuwa na gluteni kufikia au kuzidi kile kiwango cha miligramu 20. Kwa hiyo hata anayechanganya mwenyewe, kila kiungo kiwe kimeandikwa kuwa hakina gluteni, ikiwemo baking poda na viungo vya unga. Nyumbani, chekecheo na mwiko wa mbao vilivyokwisha kutumika kwa ngano visitumike, kwa sababu matundu na nyufa zake hazisafishiki.

Mkate ukishapoa ukate wote slesi, utenge wa siku hiyo, uliobaki uweke kwenye friza, kipande cha karatasi kati ya slesi na slesi. Kwenye friji ya kawaida wanga hukakamaa haraka kuliko hata mezani, ndiyo maana watu hulalamika mkate wao umekuwa jiwe usiku mmoja. Slesi iliyoganda ikipashwa moto hurudi karibu na ilivyokuwa. Nalitaja kwa sababu ya gharama: mkate unaotupwa nusu yake umeongezeka bei mara mbili.

Kwa watengenezaji na waagizaji wa unga huu, nina ombi ambalo haliwagharimu zaidi ya wino. Mbele ya pakiti, mahali palipo na picha ya mkate, andikeni uzito wa unga, vitu vyote ambavyo mnunuzi atalazimika kuongeza, na uzito wa mkate ukishaokwa. Maelezo ya kuoka yawe kwa gramu na mililita. Kuambiwa “vikombe viwili na maji ya kutosha” ni kuachiwa kubahatisha, na anayebahatisha ni mtu ambaye hana mkate mwingine wa kula siku hiyo.

Nawe Mhariri, mnapochapa mapishi ya mkate usio na gluteni, tafadhali msiandike tu “badilisha unga wa ngano kwa unga wa mchele kwa kiasi hicho hicho”. Bila gundi wala maji ya ziada mapishi hayo hayatoi mkate. Wekeni gramu za saliamu au zanthani, wekeni na uzito wa mkate ulioiva, msomaji ajue kabla hajafungua pochi.

Wako,
Mwokaji wa mikate isiyo na gluteni